Jiko jipya la Dadaab: mpime mpishi kabla hujapima bati

Kama nyumbani kwako mnapikia gesi, basi kuwasha moto leo kulikugharimu njiti moja ya kibiriti na kuzungusha kidole. Hebu liache jiko hilo kwa muda mfupi, tusafiri pamoja hadi Dadaab, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka mjini Garissa ukielekea mpaka wa Somalia, tukaone jinsi jiko linavyopangwa kabla halijaundwa.

Safari hii nimeichagua kwa sababu ya wanafunzi. Kila mara maonyesho ya sayansi ya shule yanapokaribia, hakosi kijana aliyebuni jiko. Huja na mchoro safi uliopigwa rula, bati limekatwa, rangi imepakwa, na jina zuri limebandikwa ubavuni. Ukimuuliza, "Nani atapikia jiko hili, na atapika nini?" hutazama dari. Wazazi nao wasicheke sana. Katika kabati za nyumba zetu za mjini mna mashine ngapi za kukamulia matunda na kukatia vitunguu zilizotumika mara mbili tu tangu zinunuliwe? Chombo cha jikoni kinaweza kuwa kizuri sana kiwandani na kisiwe na kazi nyumbani. Dadaab kosa kama hilo haliishii kabatini.

Tuanze na mahali penyewe. Kambi tatu za kwanza za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka wa 1991 na 1992 kuwapokea watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia. Zilipangiwa watu 90,000. Baada ya ukame na njaa ya mwaka wa 2011 idadi ilikaribia nusu milioni, na ikabidi kambi nyingine zifunguliwe. Chakula cha msaada walichokuwa wakigawiwa kwa miaka mingi kilikuwa unga, nafaka, maharagwe au dengu, mafuta na chumvi. Waama, ukitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja kimekosekana. Maharagwe makavu bila moto si chakula. Mama aliyepewa gunia la nafaka alikuwa amepewa pia safari ya kwenda kutafuta kuni.

Nchi yenyewe ni kavu, mchanga na vichaka vya miiba. Watu wengi kiasi hicho wakikata kuni mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, miti husogea mbali, na anayeifuata ni mwanamke au msichana. Huko porini wengi walivamiwa na kunajisiwa na majambazi. Wenyeji wa Fafi na Lagdera nao walilalamika, na walikuwa na haki, kwamba malisho ya mifugo yao yalikuwa yakimalizwa. Mwaka wa 1998 shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, UNHCR, lilianza mradi wa kuzigawia familia kuni kwa fedha za serikali ya Marekani. Tathmini iliyofanywa mwaka wa 2001 ilionyesha kwamba katika vipindi ambavyo nyumba zilikuwa na kuni za kutosha, visa vya wanawake kunajisiwa wakiokota kuni vilipungua kwa asilimia 45. Lakini ilionyesha pia kwamba visa katika mazingira mengine viliongezeka wakati huo huo. Na kuni zilizogawiwa zilitosha karibu thuluthi tu ya mahitaji ya nyumba. Zilizobaki, mama alizifuata kwa miguu kama kawaida.

Hapo ndipo jiko linapoingia. Ikiwa mzigo mmoja wa kuni utapika milo ya siku nne badala ya miwili, safari za porini zitapungua kwa nusu. Tazama basi jinsi lengo la mradi linavyobadilika. Lengo si "kuunda jiko la kisasa." Lengo ni kupunguza safari za mwanamke kwenda porini, na hicho ndicho kitu kitakachopimwa mwishoni. Mwanafunzi, andika lengo lako kwa namna hiyo juu ya ukurasa wa kwanza, kisha ukilisoma ujiulize kama linaweza kupimwa kwa idadi. Jiko lenye rangi nzuri ambalo mama bado anakwenda nalo porini mara tatu kwa wiki limeshindwa, hata likipewa kikombe na majaji.

Sasa twende kwa mpishi. Kabla ya kukata bati, mtu wa kupanga mradi huketi jikoni kwa watu siku kadhaa akitazama na kuandika, akiwa amefunga mdomo. Katika nyumba ya Kisomali ataona nini? Asubuhi kuna anjera, chapati laini ya unga uliochachuliwa, inayomiminwa juu ya kikaango bapa. Anjera haitaki moto mkali wa katikati, inataka joto la wastani lililoenea kikaango kizima, la sivyo kitovu kitaungua na kando zitabaki mbichi. Kuna chai ya maziwa na viungo, ambayo hupikwa mara nyingi kwa siku. Mchana kuna wali au tambi, na maharagwe yanayotaka moto mdogo wa saa nyingi. Familia huwa kubwa, na sufuria pia. Na kuna ugali, ambao kila aliyewahi kuusonga anajua kwamba unahitaji jiko lisilotikisika. Mama husimama, hushika mwiko kwa mikono miwili na kuusukuma kwa nguvu za mabega. Jiko jepesi lenye miguu myembamba litapinduka na sufuria ya maji moto iko juu yake, na kwa kawaida mtoto mdogo yuko karibu.

Kisha ataona kwamba moto wa mafiga una kazi nyingine ambazo hazimo katika vitabu vya uhandisi. Usiku unatoa mwanga. Moshi wake hufukuza mbu. Makaa yake hutiwa katika chetezo, kwani nyumba ya Kisomali bila harufu ya ubani jioni haijakamilika. Wafugaji hufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa miti maalumu ili maziwa yakae na yapate ladha. Mhandisi akileta jiko lisilotoa moshi wala makaa wala mwanga, mama atalipokea kwa shukrani nyingi, atapikia chai, halafu ataendelea kuwasha mafiga kwa ajili ya mambo mengine yote. Si ukaidi wake. Kazi alizokuwa akizifanya kwa moto mmoja umemtaka azifanye kwa mioto mitatu.

Jambo jingine ambalo wataalamu husahau ni kwamba watu hawa hawakuzaliwa kambini. Katika Somalia kuna mji wa El Buur unaojulikana kwa jiwe laini jeupe ambalo mafundi hulichonga kwa mikono kuwa vyetezo na majiko ya makaa, yaitwayo burjiko. Jiwe hilo halipitishi joto kwa urahisi, kwa hivyo makaa hudumu. Naam, mama uliyekwenda kumfundisha habari za jiko linaloweka akiba huenda aliwahi kuwa nalo kwao, na akaliacha akikimbia risasi. Muulize alilipendea nini.

Tukija kwenye hesabu, usiogope, ni ya darasani tu. Kupasha lita 5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka kunahitaji kilojuli 1,570 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban kilojuli 16,000. Kwa hivyo gramu 100 tu za kuni, kijiti cha kukaa mkononi, zingetosha kuchemsha sufuria hiyo kama joto lote lingeingia majini. Lakini jaribu kwa mafiga matatu uone. Utatumia mara saba, nane au hata kumi zaidi, kwa sababu joto lililobaki limepeperushwa na upepo, limekupasha miguu, limeingia ardhini, au limepaa kama moshi usioungua. Katika uwanda ulio wazi kama Dadaab upepo pekee ni mwizi mkubwa. Ukuta mfupi wa udongo kuzunguka moto, bila uhandisi mwingine wowote, tayari ni jiko bora kuliko mafiga. Kuni zilizokauka vizuri na kupasuliwa vidogo, kifuniko juu ya sufuria, na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha ni akiba nyingine isiyohitaji fundi. Mpango mzuri wa jiko huanza kwa kuhesabu yale yanayoweza kupatikana bure.

Baada ya hapo ndipo unaunda vielelezo, nami nasema vielelezo, si kielelezo. Mwaka wa 2010 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilitoa ripoti ya majaribio ya majiko matano ya kuni yaliyotengenezwa viwandani, yaliyopelekwa Dadaab yapikiwe na wakimbizi wenyewe. Kulikuwa na Envirofit na StoveTec, ambayo moto wake hupanda katika bomba lililokingwa joto lisitoroke. Kulikuwa na Vesto, lililobuniwa Swaziland. Philips lilikuwa na feni ndogo ya umeme ya kupulizia moto, na Save80 la Kijerumani lilikuja na sufuria yake ya lita 8 na sanduku la kuhifadhia joto. Yote matano yalitumia kuni kidogo kuliko mafiga. Kwa mtu wa maabara kazi imekwisha hapo. Kwa mpangaji ndiyo kwanza inaanza. Feni inataka umeme, nao utatoka wapi katika hema? Jiko linalokula vijiti vidogo linamtaka mama awe na shoka na nguvu za kupasua, na mti wa sehemu hizo ni mgumu. Jiko lenye sufuria yake ya lita 8 linafaa sana kwa familia ya watu watano, lakini je, ya watu kumi na mmoja? Na kikaango cha anjera kitakaa wapi?

Ndiyo maana wanaopima majiko hutumia majaribio ya aina tatu. La kwanza ni kuchemsha maji, jambo jepesi linalofanyika popote. La pili ni mpishi wa mahali hapo kupika mlo mmoja uliokubaliwa, kwa jiko hili na lile, kuni zikipimwa kwa mizani. La tatu ni kuacha jiko nyumbani kwa watu na kupima kuni wanazotumia kwa siku kadhaa, bila kuwasimamia. La tatu ndilo la kweli, na ndilo linalorukwa kwa sababu linachosha na lina gharama. Usiliruke.

Nani basi amewahi kulifanya jambo hili likafaulu? Huna haja ya kwenda mbali. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na chungu ndani, ambalo pengine liko barazani mwenu sasa hivi, ni matokeo ya mradi uliopangwa. Jiko la zamani la Nairobi lilikuwa bati tupu. Lilipoteza joto kila upande na kuunguza vidole. Mwaka wa 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na mbadala, na kuanzia mwaka wa 1982 mradi wa nishati uliofadhiliwa na Marekani chini ya Wizara ya Nishati ulianza kutafuta jiko bora. Wazo la kutia chungu ndani ya bati lilitoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko la umbo la ndoo. Lakini halikunakiliwa tu likaachwa. Maxwell Kinyanjui na wenzake walilipeleka kwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, watu wanaokata bati kwa patasi na nyundo chini ya jua, nao wakalirekebisha kwa mikono yao. Chungu kilichojaza jiko lote kilipasuka. Kikafupishwa kikae sehemu ya juu tu, na bati likabanwa kiunoni. Kitako kipana kikafanya jiko lisimame imara, na chungu kikashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yasiyopitisha joto.

Angalia waliyoyaacha bila kugusa. Sufuria ni ile ile, makaa ni yale yale, na mama anachutama mahali pale pale. Wauzaji pia hawakuletwa wageni, kwani fundi aliyeuza bati tupu ndiye aliyeuza jiko jipya. Bei ilikuwa juu mwanzoni, ikashuka mafundi walipoongezeka na kushindana. Mwanasayansi Daniel Kammen aliandika mwaka wa 1995 kwamba zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo yalikuwa yakitumika nchini Kenya. Mradi ulitoa fedha za utafiti na mafunzo, soko likafanya yaliyosalia.

Lakini soko la Shauri Moyo si Dadaab. Hapa mnunuzi hana mshahara, na anayelipa bei ya jiko ni shirika. Ukigawa bure kitu ambacho mtu hakukiomba, usishangae ukikikuta sokoni wiki ijayo kimebadilishwa kwa sukari. Shirika la Kijerumani la GTZ, lililokuwa likisimamia mambo ya nishati na mazingira kambini katika miaka ya tisini (tangu 2011 linaitwa GIZ), lilijaribu njia ambayo mimi binafsi naiona ya busara. Familia ilipata jiko kwa kufanya kazi ya kupanda na kutunza miti katika mashamba yaliyozungushiwa ua. Mtu huthamini alichokitolea jasho, na wenyeji waliona miti ikirudi.

Sasa kuhusu ratiba. Chukua karatasi kubwa, chora wiki juu na kazi ubavuni, uwekee kila kazi mstari wa urefu wake. Huo ndio mchoro unaoitwa kwa jina la Mmarekani Henry Gantt, na makampuni makubwa bado yanautumia. Ukiuchora utagundua kazi zinazongojana. Chungu hakichomwi kabla hakijakauka, na ukiharakisha kukauka kinapasuka. Huwezi kufundisha matumizi kabla majiko hayajafika, wala kuagiza majiko kabla jaribio la tatu halijaisha. Na huwezi kusahau mvua. Garissa ni kame, lakini mvua za vuli zikija hukata barabara, na mwezi wa Novemba 2006 mafuriko yaliivamia kambi ya Ifo yenyewe. Anayepanga kusafirisha vyungu Novemba kwenye barabara ya Dadaab amepanga kununua vigae. Katika bajeti weka fedha za kuvunjika njiani, na za kurudi baada ya miezi sita kuona ni nyumba ngapi bado zinalitumia jiko. Fedha hizo za kurudi ndizo hukatwa kwanza. Mimi ningekata fedha za sherehe ya uzinduzi.

Kuna uamuzi mmoja wa Dadaab unaonifanya nikune kichwa hadi leo, nao ni kama jiko liwe la kujengewa au la kubebeka. La kujengewa kwa udongo, kama lile la Maendeleo lililosambazwa kupitia akina mama wa Maendeleo ya Wanawake tangu miaka ya themanini, ni la bei nafuu, halitikisiki, na ugali husongwa bila wasiwasi. Kwa nyumba ya kudumu ni zuri mno. Lakini nyumba ya mkimbizi ni ya kudumu? Mwaka wa 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia. Hata hivyo kambi ya Kambioos ilifungwa mwaka huo huo wa 2017, na Ifo 2 mwaka wa 2018, na watu wakahamishwa. Familia iliyokuwa na jiko la kujengewa ililiacha pale pale chini, na kuanza tena na mafiga matatu. Kwa upande mwingine, kuna watu waliozaliwa Hagadera wakaoa na kuzaa humo humo, wakipikia vitu vya muda kwa miaka zaidi ya thelathini kwa sababu kila mwaka wa bajeti uliwahesabu kuwa wapita njia. Mimi ningewapa jiko la kubebeka lenye kitako kizito, na bado nisingelala nikiwa na hakika. Wewe unasemaje?

Kwa wanafunzi wanaotaka kuanza leo, huhitaji kwenda Garissa. Mwombe mzazi mizani ya jikoni na nafasi uani, mbali na mapazia na watoto. Pima kilo mbili za kuni kavu. Panga mafiga matatu, pika kilo moja ya maharagwe yaliyolowekwa, kisha pima kuni zilizobaki. Siku ya pili rudia kwa jiko lako, sufuria ile ile, maji yale yale, kifuniko kile kile. Fanya mara tatu kwa kila moto na utafute wastani, kwani siku moja ya upepo inaweza kukudanganya. Halafu jambo la mwisho, ambalo ndilo gumu: mpe mwiko mtu mwingine, shangazi au jirani ambaye hajui ni jiko gani unalolitetea, mwache apike ugali bila kumwelekeza, nawe kaa kando na daftari uandike kila mahali anaponung'unika.